Rili Isiyo na Chumvi

Mwezi wa nne zinaingia kwa magunia,
rili za mashua za Mtwapa na Kilifi,
nzito kama mawe ya mizani.
Nazipokea mlangoni, hapa Bondeni,
nazifunga vikaratasi: ya Shebwana, ya Mwinyihaji,
hii ya yule Mtaliano asiyelipa.

Maji matamu kwanza. Si ya kisima,
kisima chetu chenyewe kina munyu;
ni ya mkokoteni, mtungi shilingi hamsini,
na mswaki mkuukuu.
Halafu bisibisi. Kila parafujo sahanini,
kwa mpangilio wake wa kutoka,
kwani chuma, tofauti na watu,
hurudi tu kwa njia kiliyotokea.

Nachokoa chumvi iliyoganda kwenye meno ya gia,
gamba la nguru, uzi wa kofia ya mtu.
Naramba ncha ya kidole.
Ulimi ukinyamaza, kazi imekwisha.

Baba alikuwa fundi wa cherehani.
Hakuwahi kuvua; alitapika hata kwenye feri ya Likoni.
Aliniachia kikopo cha mafuta chenye mdomo mrefu
na neno moja: usikaze ili kumfurahisha mteja.

Mwaka huu, katikati ya magunia, bahasha.
Kaileta mwanafunzi aliyeshuka na ndege ya usiku.
Ndani, rili ndogo kama kikombe cha kahawa,
na mwandiko wa kaka yangu Ghalib,
bado unalalia kushoto:
*Barafu ya ziwa imeyeyuka huku.
Sasa natumia ile kubwa, ya maji wazi.
Hii ilale kwako. Irudi kabla ya Novemba.
Mafundi huku wapo. Sitaki.*

Nikamsomea mama.
"Anapovua, husimama wapi?"
Juu ya maji, mama.
"Na maji yanakubali?"
Yanakubali miezi mitano.
Akanyamaza, akikamua ukwaju.
"Kumbe samaki wa huko wana dari."

Nikaifungua. Grisi ya kijivu,
kama mafuta juu ya supu iliyopoa.
Nikaramba kidole.
Hakuna kitu.
Miaka kumi na tisa naramba vyuma vya watu,
na hii ndiyo ya kwanza isiyonijibu.
Nikaramba tena,
nikitafuta walau jasho lake.

Nikaipaka grisi yangu ya siku zote,
nikaitia kwenye friza
baina ya barafu za ukwaju na za ubuyu
ambazo mama huwauzia watoto wa madrasa.
Alfajiri imekaza kama mdomo wa aliyenuna.
Grisi ya Mombasa haijui baridi,
haijawahi kuulizwa.
Nikaifuta yote, nikachukua kikopo cha baba,
matone mawili; la tatu likaanguka mezani.
Usiku mwingine wa friza.
Nikaitoa ikiwa na ukungu,
nikaizungusha kwa kidole,
nayo ikaenda, tiki tiki tiki,
kama cherehani ikimalizia pindo.

Mtoto mmoja mlangoni, shilingi kumi mkononi,
akaikodolea macho ilivyotoa moshi wa baridi:
"Na hiyo mwauza ngapi?"

Sasa zote ziko rafuni, zimefunikwa kanga.
Kabla ya kuzima taa nalegeza breki, moja moja,
maana kisahani kikibanwa msimu mzima
hugandana na mwenziwe,
na siku ya samaki mkubwa hakiachii, uzi ukakatika.
Ya Shebwana. Ya Mwinyihaji.
Hata ya Mtaliano.
Ya Ghalib ina kijibreki kidogo kama punje ya mtama;
nimeilegeza nayo, kwa ukucha.
Kikaratasi chake nimeandika jina, na Novemba.
Ya mwaka gani, sikuandika.